NANI KAGUSA?! Huyu "mtaalamu" wa makao makuu atatuua

Wakuu, nimetoka chumba cha swichi za mtandao sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa makao makuu, mnamjua, yule wa "mitandao yote ni ile ile", leo kanidhalilisha mbele ya ofisi nzima.

Hapa tuna swichi za Huawei matawini na za Cisco katikati. Kaja kuongeza VLAN 30 ya kamera, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa. Kwenye Huawei ukiandika "port trunk allow-pass vlan 30", namba inaongezeka kwenye orodha ya VLAN zinazoruhusiwa kupita. Kwenye Cisco ukiandika "switchport trunk allowed vlan 30" bila "add", orodha yote ya zamani inafutika, inabaki 30 peke yake. Nikamwambia, "Kaka, weka add." Hata hakunitazama. Akagonga Enter.

Uhasibu kimya. Simu za mezani kimya. Foleni ya wateja imefika Chalinze! Halafu anageuka, bosi kasimama mlangoni, anauliza: "Nani kagusa?"

NANI KAGUSA? Laptopu iko mapajani mwake! Nenosiri kaingia nalo yeye! Na bosi ananikodolea macho mimi. Mimi niliyesema weka add! Nani kagusa, kweli?

Kebo_Buluu: Pole mkuu. Ila ungepiga "reload in 10" (swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10) kabla hajaanza, na asingeseivu, swichi ingewaka na usanidi wa zamani.

Mleta mada: Nilimwambia, akasema huo ni woga. Kisha anauliza nani kagusa!

Binti Seva: Mleta mada punguza machozi. Nakala ya usanidi ulikuwa nayo au huna?

Mleta mada: Ninayo, na ndiyo iliyomwokoa. Asante hajasema. Kasema nani kagusa.

Mzee wa Fiba: Hiyo cha mtoto. Sisi tumeletewa moduli za SFP, vile vichomeko vya kuunganishia kebo kwenye swichi, za chapa nyingine, swichi ikazikataa, porti zikajizima. Meneja ananijibu, "Si zinaingia kwenye tundu?"

Mgosi01: Afadhali nyie mna chumba cha swichi. Chetu kinawekwa ndoo za deki, na kiyoyozi kimehamishiwa kwa meneja.

Mzee wa Fiba: Kiyoyozi chetu kipo, kinadondosha maji juu ya raki.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada.

Binti Seva: Mzee, hiyo bomba la maji limeziba. Mna fundi? Kuna mmoja Dodoma anakuja hata Jumapili.

Mgosi01: Bei gani?