Je, ni haki namba za mhusika zitokane na bahati ya dadu? (Dungeons & Dragons)

MezaYaJumamosi aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu mwezi uliopita ninaongoza mchezo wa Dungeons & Dragons kwa wachezaji wanne, wote wageni kabisa katika michezo ya aina hii, ambayo kila mtu huigiza mhusika wa kubuni katika hadithi inayosimuliwa na mwongozaji, na tunafuata kanuni zilizotolewa mwaka 2014. Siku ya kuunda wahusika niliwaambia kila mmoja atupe dadu nne za pande sita, aondoe iliyotoa namba ndogo kuliko zote, ajumlishe tatu zilizobaki, kisha arudie hivyo mara sita ili apate namba za sifa zote sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Mmoja alipata 18, 16, 15, 14, 13 na 11. Jirani yake alipata 13, 12, 11, 10, 9 na 7. Tulicheka, tukaendelea.

Tumekwisha kucheza vikao vinne na hakuna anayecheka tena. Wote wawili walichagua kuwa wapiganaji, na wote waliweka namba yao kubwa kwenye nguvu na ya pili kwenye ustahimilivu. Basi kila penye mlango wa kuvunjwa au jitu la kuzuiwa, kundi zima humgeukia yule wa kwanza. Wa pili amekuwa mkimya, na Jumamosi iliyopita aliniuliza kwa upole kama ningeweza kumwachia mhusika wake afe ili aunde mwingine. Swali lile limenikaa moyoni wiki nzima. Je, inafaa kubadilisha namba katikati ya safari, au nitakuwa nimewavunjia wengine imani ya kwamba lililotoka kwenye dadu ndilo litakalosimama?

PandeIshirini alijibu:

Salaam, ndugu. Kabla ya kuzungumzia haki, tuupime kwanza ukubwa wa tatizo, kwa sababu 18 na 13 zikitazamwa kwenye karatasi hazionyeshi umbali uliopo kati yao.

Katika kanuni unazozitumia, namba yenyewe karibu haiguswi mezani; kinachotumika ni nyongeza inayotokana nayo. Namba 10 na 11 hazina nyongeza, na kila hatua ya namba mbili kwenda juu huongeza moja, kwenda chini hupunguza moja. Tukiacha yale yanayoongezwa na jamii ya mhusika (kama mwanadamu, dwafu au elfi), mpiganaji wako wa kwanza anaongeza 4 kila anaporusha dadu ya pande 20 kuona kama upanga wake umempiga adui, na wa pili anaongeza 1. Tofauti ya 3 kwenye pande 20 ni asilimia 15 ya nafasi ya kupiga, na tofauti hiyo hiyo inarudi tena kwenye madhara ya pigo lenyewe. Kwenye uhai, wa kwanza anaanza na pointi 13 na wa pili 11. Lakini pengo hilo hukua kwa mbili katika kila ngazi, hivyo wakifika ngazi ya 5 litakuwa pointi 10. Ukijumlisha nyongeza za sifa zote sita, mmoja ana 12 na mwenzake ana hasi 1.

Toleo la tatu la mchezo huu, lililotoka mwaka 2000, liliwahi kulitazama jambo hili waziwazi: lilimruhusu mchezaji kutupa upya namba zote ikiwa jumla ya nyongeza zake haikuzidi sifuri, au ikiwa namba yake kubwa kuliko zote haikuzidi 13. Mchezaji wako anastahili kwa vigezo vyote viwili. Kwa hiyo usione kwamba ukimsaidia utakuwa unavunja kanuni. Waliowahi kuuandika mchezo huu walikwisha kuona kwamba mhusika wa namna hiyo hapaswi kupelekwa mezani kwa lazima.

Ushauri wangu ni kwamba atumie zile namba zilizokwisha kupangwa kitabuni, yaani 15, 14, 13, 12, 10 na 8, au apewe pointi 27 azinunue namba zake mwenyewe. Njia zote mbili zina thamani moja, kwa kuwa ukizinunua namba hizo sita kwa bei za kitabu zinagharimu pointi 27 kamili.

KaratasiYaZamani alijibu:

Nakubaliana na hesabu za ndugu PandeIshirini, ila ningependa tusiihukumu dadu kana kwamba ilikuwa kosa tangu mwanzo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mchezo ulipotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, namba za sifa zilitokana na dadu tatu tu, zikifuatana kama zilivyotoka bila mchezaji kuruhusiwa kuzipanga, na kanuni ilisema kwamba anayezitupa ni mwamuzi wa mchezo. Ukisoma hivyo leo utaona ni ukatili. Lakini soma pia namba hizo zilifanya kazi gani: nguvu kubwa haikumwongezea mpiganaji nafasi ya kupiga wala madhara ya upanga, ilimharakishia kidogo tu kupanda ngazi, kwa asilimia 5 au 10 ya pointi za uzoefu. Mwenye 9 na mwenye 16 walipigana karibu sawasawa. Nyongeza za nguvu katika mapigano ziliingia mwaka 1975 kupitia kijalizo cha kwanza, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu namba ilipewa uzito mpya huku njia ya kuipata ikibaki ile ile ya bahati nasibu. Kufikia mwaka 1979 kitabu cha waongozaji kilikuwa kinapendekeza njia nne tofauti za kupata namba nzuri zaidi, na hii uliyoitumia wewe ya dadu nne ilikuwa ya kwanza kati ya hizo.

Jambo la pili ni umri wa mhusika. Wahusika wa zamani walikufa upesi, na kuunda mwingine kulichukua dakika chache. Bahati mbaya ya leo ilisawazishwa na bahati ya wiki ijayo. Katika michezo ya sasa mhusika mmoja hubaki na mwenyewe mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo rusho sita za dakika kumi humwamulia mtu Jumamosi zake zote. Ndugu MezaYaJumamosi, ukipanga safari fupi za vikao viwili au vitatu, dadu iachwe itawale, na utaona raha yake. Ukipanga safari ndefu, usiitumie hivi.

KalamuNaDadu alijibu:

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia juu ya pointi 27. Nimeongoza meza mbili kwa njia hiyo, na kila mara wahusika wote wa fani moja, yaani kazi kama mpiganaji au mchawi, walitoka kama ndugu pacha: 15 kwenye sifa kuu, 8 kwenye ile isiyotumika, na hakuna mchawi hata mmoja mwenye nguvu wala mpiganaji hata mmoja mwenye akili. Haki ilipatikana, lakini mshangao ulipotea, na mshangao ndio uliowafanya wachezaji wangu wa kwanza wampende kasisi wetu mwenye haiba ya 5, ambaye hakuna mtu angemnunua kwa pointi zake mwenyewe.

Kuna njia ya kati ambayo nimeitumia kwa miaka kadhaa. Kila mchezaji anatupa dadu nne na kuandika namba sita, kisha karatasi zote zinawekwa mezani, na kundi linachagua safu moja ambayo kila mtu ataitumia, akizipanga namba hizo kwenye sifa anavyotaka. Bahati inabaki, lakini inakuwa ya wote. Mkipata 18, kila mmoja ana 18. Mkipata 6, kila mmoja atalazimika kuamua mhusika wake ni dhaifu wapi, na hapo mazungumzo huwa matamu kweli.

Nikuombe jambo moja zaidi: usimpe mchezaji wako namba mpya kabla hujamuuliza mhusika wake ametoka wapi. Zamani kanuni zilimfunga mhusika kwa kuzaliwa kwake; kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliwawekea madwafu na maelfi ukomo wa ngazi katika fani nyingi, na hata kiliwawekea wanawake ukomo wa nguvu ulio chini ya ule wa wanaume, kanuni ambayo nashukuru iliondolewa. Katika vitabu vya mwaka 2024 nyongeza za sifa hazitokani tena na jamii ya mhusika, zinatokana na maisha aliyoishi kabla ya safari: aliyekuwa mkulima, baharia au mwanazuoni. Naiona kuwa kanuni bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya jambo hili, na hakuna kinachokuzuia kuiazima hata kama unatumia vitabu vya 2014.

MezaYaJumamosi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana jioni niliwaita wachezaji wote wanne, nikawaeleza tofauti ya 12 na hasi 1, na sikulazimika kumshawishi mtu. Yule mwenye 18 ndiye aliyetangulia kusema kwamba safu yake iwe ya wote. Jumamosi tutaanza kwa kupanga namba upya, kila mtu akiwa na safu ile ile, na hakuna atakayekufa.

Nilimuuliza pia mchezaji wa pili, kama alivyoshauri KalamuNaDadu, mhusika wake ametoka wapi. Alisema kwamba tangu siku ya kwanza alimfikiria kuwa mvuvi aliyejifunza kusoma nyota, lakini hakuwahi kututajia, kwa kuwa akili yake ilikuwa 9. Sasa ameomba ile 16 aiweke hapo badala ya ustahimilivu.