Mbao badala ya kitabu cha wageni harusini, mafundi na mliopitia nisaidieni

nasra_mtarajiwa:
Habari zenu wadau. Naolewa miezi michache ijayo na mimi na mwenzangu tumeshakubaliana kitabu cha wageni hatutaki, maana kila ninayemuuliza anasema chake kipo kabatini na hajakifungua tangu harusi iishe. Tunataka kitu cha mbao, cha kutengenezwa kwa mkono, kikae sebuleni tukipita tukione na tusome watu walituandikia nini.

Nimeona vile vimoyo vidogo vya mbao, mgeni anaandika afu anadumbukiza kwenye fremu yenye kioo mbele. Nimeona pia gogo lililokatwa duara na magome yake pembeni wote mnasaini hapo hapo, na vile vipande vya mchezo wa kujenga mnara. Wageni watakuwa kama mia mbili hivi.

Kinachoninyima usingizi ni wino. Kuna fundi alinipa kimoyo cha mfano, nikaandika jina la bibi kwa kalamu tu ya kawaida, wino ukatambaa kufuata nyuzi za mbao hadi herufi a zote zikajaa zikawa madoa. Sasa wageni wote wakiandika ikawa hivyo si nitalia jamani. Na vanishi inapakwa kabla ya kuandika au baada?

fundi_randa:
Hongera sana dada. Mimi ni seremala na hizi kazi nazifanya, ngoja nikueleze vizuri maana wengi wanahangaika na umbo wakati kinachoua kumbukumbu ni uso wa mbao na kalamu.

Mbao ambayo haijapakwa kitu inanyonya, wino unaingia kwenye vitundu vyake na kukimbia na nyuzi, ndo ulichokiona. Mwambie fundi wako apige msasa namba 120, kisha 180, amalizie na 220, asugue kufuata nyuzi asikate kati, afute vumbi lote, afu apake sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao, mkono mmoja mwembamba. Ikikauka aguseguse tu na msasa laini kama 320. Hapo kalamu inateleza vizuri na herufi inabaki pale ilipoandikwa.

Kwa hiyo jibu ni kabla NA baada. Kabla ni sila, baada ni vanishi ya kulinda. Ila hapo kwenye baada kuwa makini sana, maka peni nyingi wino wake ni wa spiriti, ukipitisha juu yake vanishi ya thina kwa brashi majina yanaburutika yote. Tafuta kalamu ya wino wa pigmenti, ile ya wachoraji, haiogopi maji wala haipauki haraka kwenye mwanga, na juu yake upulizie vanishi ya maji kwa mikono myembamba myembamba, usipige brashi. Vanishi ya mafuta ni ngumu kweli lakini inageuka manjano kadiri miaka inavyoenda. Na kabla ya yote jaribu kwenye kipande cha mbao ile ile, kalamu ile ile, vanishi ile ile. Usikubali kuambiwa tu "itakuwa sawa".

Rangi ya mbao nayo iangalie. Mninga ni mzuri sana lakini wino mweusi juu yake hausomeki vizuri, mpingo ndo kabisa labda uandike kwa nyeupe au dhahabu. Chukua mbao nyeupe nyeupe, msonobari unafaa ila vifundo vyake vina utomvu, viepukwe.

Gogo duara mimi sikushauri hasa kama muda ni mfupi. Mbao ikikauka inasinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye moyo, kwa hiyo duara zima lazima livutane na mara nyingi linapasuka kutoka pembeni mpaka katikati, na ufa haujui kama hapo ameandika mama yako. Afu uso wa gogo lililokatwa hivyo ndo unanyonya wino kuliko uso wowote wa mbao. Kama unalipenda sana basi litafutwe ambalo limeshakauka na nyufa zake zimeshaonekana, watu wasaini wakizikwepa.

mke_wa_sele:
Fundi umemaliza kuhusu mbao, mimi niongelee kusoma maana mdada amesema anataka kusoma.

Vimoyo kwenye fremu vinapendeza kwa macho lakini vikishajaa vinalaliana, unaviona vile tu vilivyogusa kioo, waliobaki wamefukiwa huko nyuma. Dada yangu anayo, ni nzuri ukutani, lakini ujumbe wa shangazi yetu hajawahi kuuona tena.

Mimi nilichukua vipande vya mnara. Seti ya kawaida ina vipande 54 kwa hiyo kwa wageni mia mbili usimpe kila mtu chake, ipe kila familia au kila meza kimoja, wanakaa wanajadiliana waandike nini na hapo ndo raha yenyewe ilipo, watu walicheka sana kwenye zile meza. Kipande kina pande nne ndefu, nafasi ya sentensi nzima ipo. Sasa hivi tukicheza kila anayechomoa lazima asome kwa sauti kabla ya kuweka juu, na watoto wetu wamewajua ndugu wengine kwa njia hiyo kabla hata ya kuonana nao.

nasra_mtarajiwa:
Aisee hiyo ya kusoma kwa sauti imenigusa. Ila si vinashikwashikwa kila siku, maandishi hayafutiki?

fundi_randa:
Yanafutika kama hayajalindwa. Pulizia vanishi lakini nyembamba sana, ikiwa nene vipande vinanatana na vingine vinanenepa kuliko wenzake mnara unakataa kusimama. Ukishapulizia viache vikauke hadi ndani, siku kadhaa, ndo uvipange.

kaka_jabu:
Naomba niongeze njia nyingine. Wageni waandike kwenye karatasi, kwa utulivu, afu fundi aweke karatasi ya kaboni chini yake apitishe kalamu juu ya mwandiko ili uhamie kwenye mbao, kisha auchome kwa kalamu ya moto. Kuna wanaochoma kwa mashine ya leza pia, mwandiko unaskaniwa unatoka vile vile. Hapo hakuna wino wa kupauka, mbao yenyewe ndo imeungua. Kazi ni kubwa kwa watu mia mbili kwa hiyo sisi tulifanya kwa wazazi, mabibi na mababu na wasimamizi tu, tukaweka kwenye kigoda, upande wa chini wa kalio ili maandishi yasisuguliwe. Bibi yetu ameshafariki, ule mkono wake wa kutetemeka upo pale kama alivyouandika, na mimi kwangu hicho kigoda kina thamani kuliko picha zote za siku ile.

nasra_mtarajiwa:
Jamani asanteni mno, nimemsomea mwenzangu yote. Tunaenda na vipande vya mnara kwa meza, msonobari, na bibi tunamletea karatasi nyumbani aandike kwa nafasi yake, cha kwake kitachomwa. Fundi, sila nimwambie apake pande zote au ule wa kuandikia tu?

fundi_randa:
Pande zote dada. Ukipaka upande mmoja tu ule mwingine unaendelea kunyonya unyevu wa hewa na kipande kinapinda. Na meza za harusini weka kalamu mbili mbili na kipande kimoja ambacho nyie wenyewe mmeshaandika, watu wakiona mfano hawaandiki "hongera" peke yake.