Galaksi kutoka lupango (ua wa nyumba) wa Bel-Air: roboti, mtambo wa kujiundia, au darubini ya kukodi?

Mwana_BelAir (Lubumbashi) · 12 Aprili

Wakubwa, salamu. Mvua zinaaga, na mwaka huu sitaki kiangazi kinipite tena nikitazama mbingu kwa macho matupu. Nina dola 600. Nimezikusanya miezi kumi na minne, na mke wangu anajua kila moja ilikotoka, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni moja tu. Ninachotaka ni galaksi. Mwezi na Zohali nilishaviona kwa darubini ya rafiki, vinatosha.

Lupango wetu una mwembe upande wa kaskazini, ukuta wa mita mbili na nusu, na jirani mwenye taa nyeupe ya ulinzi inayomulika hadi ndani ya sufuria zetu. Umeme unaenda na kurudi upendavyo. Nimesoma hadi nimechanganyikiwa kati ya njia tatu: Seestar S50, ile darubini ndogo inayojiendesha na kuongozwa kwa simu, au kununua kidogo kidogo stendi ya mota, tyubu ya darubini na kamera ya Canon ya mkono wa pili, au kukodi saa kwenye darubini kubwa ya Australia au Chile kupitia intaneti. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kasapa_Anga (Lubumbashi)

Karibu, ndugu. S50 ninayo tangu mwaka juzi, basi nakupa habari za jikoni, si za tangazo.

Lenzi ina upana wa milimita 50, urefu wa fokasi 250. Kamera, betri na kompyuta vyote viko ndani ya kiboksi kimoja cha kilo mbili na nusu. Unaiweka kwenye miguu yake mitatu, unaisawazisha, unagusa jina la galaksi kwenye simu. Inapiga picha ya nyota zilizo mbele yake, inazilinganisha na ramani yake, inajua inatazama wapi, inajisogeza yenyewe. Kisha sekunde 10, sekunde 10, sekunde 10, ikizirundika picha moja juu ya nyingine. Wakati huo mimi niko ndani nakula bukari, ugali wetu.

Sasa upande wa pili. Galaksi ni vitu vidogo. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi za tao, yaani nusu ya nyuzi moja ya anga. Galaksi ya Sombrero, yaani M104, ina urefu wa dakika 9 tu. Kwa S50 hizo ni kama pikseli 225. Utauona mstari wake mweusi wa vumbi, na utafurahi, lakini ukiikuza ijae kioo cha simu inakuwa uji. Galaksi ya NGC 253 ndiyo ya kungojea: dakika 27, karibu upana wa Mwezi, na mnamo Septemba inapita juu kabisa. Shida ni kwamba Septemba hapa petu moshi wa porini umeshakula nusu ya anga.

FundiBetri (Katuba, Lubumbashi)

Kasapa amesema kwa heshima, mimi nasema wazi: milimita 50 ni tundu la ufunguo. Tyubu yangu ya kioo ina milimita 130. Piga hesabu ya eneo: inakusanya mwanga karibu mara saba zaidi. Galaksi ya M83 kwenye picha zangu ina mikono, ina mafundo ya waridi ambako nyota zinazaliwa. Kwenye S50 ni ua lililonyauka.

Lakini sitakudanganya kuhusu gharama, ndugu yangu. Stendi ya mota aina ya HEQ5, tyubu, kamera, kamera ndogo ya kuongozea, kompyuta ndogo ya kuviunganisha: nilipita dola 1,800, na nusu yake ni mkono wa pili. Ongeza umeme. Vyote pamoja na vipasha joto vya kuzuia umande vinavuta ampea 4 hadi 5. Usiku wa saa nane ni kama ampea-saa 40, na betri ya gari ya kawaida haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo nina betri ya 100, na mgongo wangu unaijua.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu wao wako Ulaya. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kwa mtu wa Ujerumani ncha iko nyuzi 50 juu. Kwetu ni nyuzi 11 na kitu, upande wa kusini, ndani ya vumbi na taa, na nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu hata penye giza. Stendi inalala karibu chali. Mwezi wa kwanza kile chuma cha uzani kinachosawazisha tyubu kilikuwa kinagonga mguu wa stendi kila tyubu ilipopanda juu. Kong! Mota inalia, picha zinaharibika. Ikabidi nimwendee mchomeaji wa mtaani anitengenezee nguzo ya bomba ya sentimita 20 kuinua kichwa. Uliza kwanza kama stendi unayotaka inashuka hadi nyuzi 11. Nyingine hazishuki.

Kasapa_Anga

FundiBetri, picha zako nazipenda, hilo halina mjadala. Ila tuambie: kiangazi kilichopita ulitoka usiku ngapi?

FundiBetri

Kumi na mmoja.

Kasapa_Anga

Mimi arobaini na tatu. Na kati ya zako kumi na moja, ngapi zilikwisha ukihangaika na nyaya?

FundiBetri

Tatu. Sawa, nne. Basi.

Kasapa_Anga

Simchokozi mzee wangu. Namwonyesha kijana hesabu. Picha ya galaksi kutoka mjini ni vita na chengachenga (vile vidoa vinavyotapakaa kwenye picha), na chengachenga haziondoki kwa ujanja, zinaondoka kwa muda. Ukitaka zipungue nusu, muda uwe mara nne. Saa moja ya sekunde kumi kumi ni picha 360. Usiku wa kwanza unapata kivuli cha kitu, usiku wa nne kimekuwa kitu. Faili ni kama megabaiti 4 kila moja, yaani jigabaiti moja na nusu kwa saa, kwa hiyo andaa diski. Kompyuta yako ya zamani itazirundika kwa Siril, programu ya bure. Iache ifanye kazi usiku, asubuhi utaikuta imemaliza kama umeme ulikuwa na huruma.

Mwalimu_Ruashi (Lubumbashi)

Nimejaribu kukodi, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa sekondari. Unalipia muda, unachagua galaksi, darubini iliyo mlimani Siding Spring, Australia, inakupigia. Picha ya galaksi ya NGC 5128 ilikuja safi kuliko chochote mtakachotoa Lubumbashi, samahani FundiBetri. Kwa dola zako 600 ungepata picha chache nzuri sana.

Wanafunzi waliitazama sekunde tano wakauliza: «Madame, hii umeitoa Google?» Sikuwa na jibu la kuwashinda. Mwezi uliofuata Kasapa alileta kile kiboksi chake uani kwa shule. Galaksi ileile ilitoka hafifu, kama alama ya kidole kwenye glasi. Mwanafunzi mmoja alisimama dakika arobaini akitazama simu, kila sekunde kumi alama inakolea kidogo. Hakuna aliyeuliza habari za Google.

Lofoi22

Na zile filta za kuzuia taa za mji? S50 nasikia inayo ndani kabisa. Si inamaliza tatizo la jirani?

Kasapa_Anga

Haimalizi, na hapa wengi wanatupa pesa. Filta ile inapitisha rangi mbili nyembamba, za haidrojeni na oksijeni. Kwa wingu la gesi kama Carina ni dawa. Galaksi ni mabilioni ya nyota, mwanga wake una rangi zote, kama ule wa taa ya jirani. Ukizuia taa umezuia na galaksi. Kwa galaksi izime. Dawa ya taa ni kuongea na mwenye taa.

FundiBetri

Au kutoka mjini. Anga likiwa na giza zaidi kwa daraja moja tu la mng'ao wa nyota, muda unaohitaji unapungua mara mbili na nusu. Njia ya Kipushi, ukipita taa za mwisho, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, inakushukia kichwani.

Mwalimu_Ruashi

Usiku, na tyubu nyeusi ya mita nzima begani? Ukikutana na doria utaieleza kwanza hiyo Njia Nyeupe. Hata lupangoni, mwambie mkuu wa avenyu mapema. Mimi jirani mmoja alishaniuliza tunamchungulia nani.

Bahari_ya_Kivu (Goma)

Nawasoma kwa wivu. Nyinyi mna kiangazi kirefu, sisi tuna mawingu ya mlima karibu kila jioni. Na Nyiragongo kaskazini: ziwa la lava likiwaka, mawingu yanakuwa mekundu, hakuna filta duniani iliyoandaliwa kwa jirani huyo. Hapa ncha ya anga iko nyuzi chini ya mbili, yaani juu ya paa la mtu. Nilijaribu kuilaza roboti yangu ili ifuate mhimili wa dunia, kama wanavyofanya Wazungu kwenye video. Ikaanguka. Nikaiacha isimame wima, inafanya kazi.

Lakini nina swali la kitaalamu. Ikisimama wima, picha inazunguka taratibu. Huko Lubumbashi mnaionaje?

Kasapa_Anga

Swali zuri, na jibu lake ni faida ya kuishi karibu na ikweta. Galaksi ikiwa mashariki au magharibi haizunguki karibu kabisa. Ikipita moja kwa moja kusini au kaskazini inazunguka mbio. NGC 5128 ikiwa kileleni kusini kwetu inazunguka kama nyuzi 28 kwa saa. Pale usizidishe sekunde 10, la sivyo nyota za pembeni zinakuwa mikia. Sombrero ikiwa katikati ya safari yake ya kupanda mashariki, kama nyuzi 2 tu kwa saa. Hata sekunde 30 inavumilia.

Mwana_BelAir, mimi ningechukua S50, pesa inayobaki ninunue paua benki nzuri na diski.

FundiBetri

Ukichoka na tundu la ufunguo, Katuba si mbali. Njoo uangalie ya kwangu kabla ya kuuza figo.

Mwana_BelAir · 17 Mei

Wakubwa, nimerudi. Nimechukua S50, binamu yangu aliyetoka Dubai kanibebea. Naeleza usiku wa kwanza wenye maana, maana kuna kitu hamkuniambia.

Nilichagua Sombrero. Kuanzia saa moja na nusu ilikuwa inapanda juu ya ukuta wa mashariki, sekunde 20 kila picha, nyota zimekaa duara safi. Kufika saa tatu nilikuwa na zaidi ya saa nzima ya mwanga. Mstari wa vumbi umeonekana! Nikamwita mke wangu. Anakuja, anajifuta mikono, na wakati huohuo kitu kinasimama. Kichwa kinatazama juu kabisa, mota inazunguka kushoto, inarudi, inakataa. Picha zinatupwa moja baada ya nyingine. Mke wangu ananitazama mimi, haitazami darubini. Dola 500.

Nikafungua ramani. Sombrero iko nyuzi 11 na dakika 37 kusini mwa ikweta ya anga. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta ya dunia. Kati ya galaksi zote nimechagua ile inayopita juu ya utosi wa mji huu! Darubini inayogeuka kulia na kushoto, ikifika utosini haina pa kugeukia. Inatakiwa izunguke nusu duara kwa ghafla.

Kasapa_Anga

Hahaha! Nisamehe, kaka. Mimi mwembe wa jirani hunifunika utosi, sijawahi kuliona hilo.

Mwana_BelAir

Ilichukua kama dakika 40. Tukanywa chai. Ilipoanza kushuka magharibi nikaiamsha, ikaendelea hadi saa tano bila neno. Mke wangu alibaki. Nilimwambia mwanga huo umesafiri miaka milioni 30 hivi. Akasema basi ungeweza kusubiri chai.

Habari ya taa: nilimpelekea mama jirani picha kwenye simu, nikamwomba. Amekubali tuikatie kopo la maziwa ya unga liwe kofia ya taa, limulike geti lake tu. Sharti lake ni moja, kila Jumamosi watoto wake waje watazame.

Leo nataka NGC 5128. Inafika kileleni kusini kama saa nne, nimeiweka sekunde 10 kama ulivyosema. Umeme umekatika dakika hii, mtaa mzima giza. Natoka.