Re: Makumbusho ya reli Sacramento: RV na kiti cha magurudumu

Kutoka: Phoenix

Hamjambo nyote. Baba yuko hapa kwa matembezi. Alikuwa fundi karakana ya reli Nairobi enzi za East African Railways, na tangu apate kiharusi anatumia kiti cha magurudumu. Tunafikiria kukodi RV, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, tumpeleke Sacramento akaone makumbusho ya reli ya California. Kuna aliyefika na kiti? Na hilo dude tutaliegesha wapi?

Kutoka: Fresno

Kaka, mpe mzee shikamoo yangu. Natumia kiti tangu usichana na mume wangu ndiye dereva wetu wa RV, kwa hiyo huko nimefika.

Ndani ya jengo hamna shida, sakafu ni laini na utazunguka injini mpaka uchoke. Kazi iko nje. Old Sacramento, mtaa yalipo makumbusho, imeachwa ifanane na karne ya 19: barabara za mawe, vibaraza vya mbao. Gurudumu dogo la mbele likinasa kwenye ufa, kiti kinakurusha. Mzee mwenye kiharusi hawezi kujishika upesi, kwa hiyo kwenye mawe mvuteni kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.

RV msiingie nayo huko kabisa. Gereji zina kikomo cha urefu. Iacheni kambini upande wa mji wa Folsom, mpande treni ya mjini, Gold Line, hadi Sacramento Valley Station. Viti vinapanda. Pale stesheni kuna njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya reli na kuwatoa upande wa Old Sacramento.

Mkishaingia, mpelekeni mzee moja kwa moja kwenye injini 4294 ya Southern Pacific, ya mwaka 1944. Dereva anakaa mbele, bomba la moshi liko nyuma! Kwenye mahandaki na mapaa ya kukinga theluji huko Sierra Nevada, moshi ulikuwa unawakaba madereva, na kwa kuwa injini hizo zilichoma mafuta badala ya makaa ya mawe, iliwezekana kuzigeuza. Pamoja na tenda yake, lile behewa la mafuta na maji, ina uzito wa zaidi ya pauni milioni moja. Halafu sisi wa viti hapo tunafaidi kuliko wanaosimama: macho yako usawa wa magurudumu na vile vyuma vinavyoyasukuma. Fundi wa karakana hatataka kuondoka.

Asichoweza ni behewa la kulala, St. Hyacinthe, lile linalotikisika kana kwamba liko safarini usiku. Korido yake ni nyembamba mno. Mimi nilibaki nje nikasimuliwa na mume wangu, na huyo bwana hajui kusimulia.

Kabla hamjalipia RV: tuseme sakafu yake iko sentimita 80 kutoka chini. Kanuni ya Marekani ni kupanda sentimita 1 kwa kila 12, kwa hiyo mnahitaji rampu ya zaidi ya mita 9. Mtaibeba wapi? Ulizeni yenye lifti. Winnebago wanazitengeneza, lakini za kukodi ni adimu. Mkizikosa, bora van yenye rampu na moteli yenye bafu la kuingilia na kiti. Kumnyanyua mzee ngazi za RV asubuhi na jioni kutawavunja migongo, na yeye kutamvunjia heshima.

Kutoka: Salt Lake City

Dada kasema yote. Nyongeza kwa wenye ulemavu wa kudumu ambao ni raia au wana green card: chukueni Access Pass, kadi ya kuingilia hifadhi za taifa. Ukiifuata mwenyewe hifadhini ni bure, na ni ya maisha. Mzee wa viza ya matembezi haimhusu, na Sacramento haitumiki kwa sababu ni mali ya jimbo. Huku kwetu Utah inafanya kazi pale Golden Spike, Promontory, reli ya kutoka mashariki na ya kutoka magharibi zilipokutana tarehe 10 Mei 1869.

Kutoka: Phoenix

Asanteni sana. Itakuwa van. Nimemsomea baba, akauliza kama hiyo 4294 inaizidi uzito Garratt ya class 59, injini ya mvuke ya reli yetu ya Mombasa. Nikatafuta: Garratt ni tani 252, hii ni karibu mara mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niambie kwanza, hiyo yao ingepita kwenye reli yetu ya upana wa mita moja?"