Naogopa kusaini karatasi ya uongo kazini. Wapendwa, Neno linaniongozaje?

Binti wa Ludewa:
Bwana Yesu asifiwe. Nimetokea bara, natunza stoo ya hoteli moja huku Paje, Unguja. Mkubwa wangu ananitaka nisaini karatasi za kupokea mzigo ambao haujafika wote. Mwezi uliopita nilikwepa. Juzi kaniambia wazi kwamba asiyetaka kushirikiana atafute kazi kwingine. Nyumbani wadogo zangu wanasoma kwa mshahara huu.

Nimefunga na kuomba. Usiku nafungua Biblia popote macho yaangukie, nipate jibu. Mara ya kwanza ikaja Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako." Nikafungua tena, ikaja Zaburi 37, "Ukae katika nchi." Sasa niondoke au nikae? Jumapili mara nyingi niko zamu, ibada siipati, wa kumuuliza hapa sina.

Mama Mlezi:
Asifiwe milele, mwanangu. Hiyo ya kufungua popote iache leo hii, maana unalipiga Neno ramli. Abramu aliambiwa atoke Harani aende Kanaani, hakuwa anaulizia stoo ya Paje. Ile Zaburi nayo umeikata. Aya ya 3 yote inasema: "Umtumaini Bwana ukatende mema, ukae katika nchi, upendezwe na uaminifu." Umeona uaminifu ulivyokaa hapo?

Unauliza kuhusu kuondoka au kubaki, na hilo bado Mungu hajakufunulia. La kusaini alishalijibu Sinai: "Usimshuhudie jirani yako uongo." Hakuna haja ya kufunga ili ujue kama utatii amri ya tisa. Funga uombe nguvu.

Mtumishi Daudi:
Simama na Yoshua 1:9, dada! "Uwe hodari na moyo wa ushujaa"! Mkemee huyo bosi kwa jina la Yesu, kazi nyingine ipo!

Mama Mlezi:
Mtumishi, anza aya ya 8. Kabla ya kuambiwa usiogope, Yoshua anaambiwa alitafakari Neno mchana na usiku na kutenda yaliyoandikwa. Ushujaa wake unatoka huko. Na Danieli hakumkemea mtu. Katika sura ya kwanza anaazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kisha anamwomba mkuu wa matowashi kwa adabu, akikataliwa anamwendea msimamizi na kupendekeza wajaribiwe siku 10. Binti, soma sura hiyo yote, polepole, zaidi ya mara moja.

Mwana wa Makunduchi:
Dada yangu, mimi Muislamu, lakini naomba niseme. Na kwetu ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, kwa hiyo usidhani uko peke yako kisiwani. Usitie saini kitu hujakiona. Andika kwenye karatasi hiyo hiyo kilichofika na kilichopungua, tia tarehe, dereva asaini na yeye, piga picha ubaki nayo. Mkubwa akikufokea, mjibu kwa upole, tena mbele ya mtu.

Mzee wa Mkunazini:
Ahsante sana kijana wa Makunduchi, hiyo ndiyo busara ya Mathayo 10:16, kuwa na busara kama nyoka na wapole kama hua. Binti, siku ukipata mapumziko njoo mjini. Kanisa letu limesimama palipokuwa soko la watumwa, msingi uliwekwa 1873. Miongoni mwa Wakristo wa mwanzo hapa walikuwa waliokombolewa utumwani, watu waliotengwa na baba na wajomba zao. Neno ndilo lililowakusanya wakawa ndugu. Na wewe usibaki peke yako na hofu hiyo chumbani. Hata katikati ya wiki utapata wa kuomba naye.

Binti wa Ludewa:
Mungu awabariki, na kaka wa Makunduchi pia. Danieli 1 nimeisoma mpaka mwisho, kumbe wale vijana walikuwa wanne. Mzigo unakuja Alhamisi, nitaandika kilichofika tu. Lakini mkubwa akiniuliza kwa nini, nimweleze habari za imani yangu?

Mama Mlezi:
Mwambie mzigo haukutimia, basi. Akitaka kujua zaidi, 1 Petro 3:15 inakuruhusu kumjibu, ila uisome mpaka penye "kwa upole na kwa hofu." Alhamisi asubuhi nitakuombea. Na wadogo zako wanasoma darasa la ngapi? Niandikie faraghani.