Nahifadhi Qur'ani ukubwani na mwendo wangu ni mdogo mno, nishaurini

Fundi_Cherehani: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeshavuka miaka 40, nashona nguo hapa Tanga. Baada ya Magharibi nakwenda kuhifadhi kwa ustadhi wa mtaani. Juzuu Amma, ile ya 30 na ya mwisho, nimeimaliza, sasa nipo Tabaraka, juzuu ya 29, na Suratul-Qalam iliyomo humo imenigomea. Aya ya 10 hadi 13 zinanichanganya kabisa: mahiin, namiim, athiim, zaniim, miisho yote inafanana. Nikizishika usiku, alfajiri hazipo. Watoto ninaokaa nao darsani wananipita juzuu kwa juzuu, nimeanza kuona haya kwenda. Niache kuhifadhi, nibaki kusoma kwa kutazama msahafu tu?

Bint_Pwani: Wa alaykum salaam kaka. Usiache, tafadhali. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha, mke wa Mtume, kwamba anayesoma Qur'ani huku akibabaika na ikimwia ngumu ana ujira mara mbili. Hao watoto wanaoisoma kwa wepesi wana daraja lao, na wewe una lako. Tena Qur'ani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa miaka 23 hivi, na sababu imetajwa Suratul-Furqan aya ya 32: kuuthibitisha moyo.

Mzee_wa_Pwani: Mawaidha mazuri, lakini mtu bila lengo hulala. Mdogo wangu, jiwekee umalize Tabaraka kabla ya Ramadhani.

Mwalimu_wa_Chuo: Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Nimesomesha watu wazima, na tarehe ndiyo inayowakimbiza: ikipita hawajamaliza, hawarudi tena. Fundi, jipime kwa kukaa kitako kila siku, kurasa ziache. Amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ya kudumu hata ikiwa chache, na hiyo pia ni hadithi sahihi.

Sasa hizo aya zako. Shika maana, miisho itajipanga. Ya 10 ni mtu wa kuapa ovyo, dhalili. Ya 11 msengenyaji apitaye na fitina. Ya 12 anazuia kheri, anaruka mipaka, ana dhambi. Ya 13 ni mgumu wa tabia, na juu ya hayo ni wa kujipachika kwa watu wasio wake. Ni sifa za mtu mmoja, zinazidi kuwa mbaya. Zisome kwenye swala za sunna za usiku, na usibadilishe msahafu, maana jicho hukariri mahali aya ilipo. Kusahau kusikutishe: Mtume (s.a.w.) amesema Qur'ani huponyoka kuliko ngamia kwenye kamba zake. Kwa hiyo nusu ya kikao iwe kudurusu ya nyuma.

Mzee_wa_Pwani: Nimekuelewa mwalimu. Hata mimi juzuu zangu zimeponyoka.

Fundi_Cherehani: Allah awalipe kheri. Leo naenda. Mwalimu, nikiwa kwenye cherehani naweza kusikiliza kisomo kwenye simu, au napoteza muda?

Mwalimu_wa_Chuo: Sikiliza, kunasaidia sana, ila shika msomaji mmoja na urudie sura hiyo hiyo. Kisha lazima ustadhi akusikilize wewe, maana simu haitakwambia umekosea.