Naomba msaada: nikiweka stetoskopu kifuani sijui nasikiliza nini

Nesi_Mtarajiwa:
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili wa uuguzi, wiki ijayo tuna mtihani wa vitendo na kituo ninachokiogopa ni uchunguzi wa moyo. Juzi wodini mwalimu alinipa mama mmoja aliyevimba miguu, akaniuliza sauti ya kwanza ya moyo ni ipi. Nilisikia du-du, du-du, basi. Nikabaki nimeinama, yule mama ananitazama usoni. Sehemu za kusikilizia vali (milango ya moyo) nazijua kwa kichwa, lakini kwenye mwili wa mtu zinanipotea. Nyie mnaanzaje?

Sista wa Zamu:
Pole sana mdogo wangu. Ulikimbilia stetoskopu. Yule mama alishakwambia mengi kabla hujamgusa: anahema akilala chali? Anataka mito mingapi? Mishipa ya shingo imetuna akiwa ameegemea nyuzi 45? Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute weupe wala ubluu mashavuni, funua kope ya chini, tazama ulimi na viganja. Kisha gusa. Bonyeza kidole juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 5 hivi, uone kama kinaacha shimo. Bonyeza ukucha uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3.

Mapigo ya moyo hesabu dakika nzima, hasa yakiwa hayana mpangilio. Niliwahi kupata 88 mkononi kwa mzee mmoja, mwenzangu aliyekuwa akisikiliza kifuani wakati huohuo akapata 112. Ningeandika 88 nikaondoka, daktari asingejua kwamba mapigo mengine hayafiki mkononi.

Mzee wa Vaitosaini:
Nakazia hapo kwenye kupotea, maana dawa yake ni kidole. Kiweke kwenye kishimo chini ya koo, shuka kama sentimita 5 juu ya mfupa wa kidari mpaka uguse kituta kinachokwenda mlalo. Pembeni yake ni ubavu wa pili, na chini ya ubavu huo ni nafasi ya pili kati ya mbavu. Kulia ni vali ya aota, kushoto ni ya palmonari. Teremka upande wa kushoto kandokando ya kidari: nafasi ya nne hadi ya tano ni trikaspidi. Mitrali ipo nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Kwa mama, inua titi, usisikilize juu yake wala juu ya nguo. Na vuta pazia kwanza, tafadhali.

Sauti ya kwanza: ukiwa unasikiliza mitrali, gusa mshipa wa shingo unaodunda, upande MMOJA tu, taratibu. Sauti inayokuja pamoja na pigo la shingoni ndiyo ya kwanza, mitrali na trikaspidi zinafunga. Ukibonyeza pande zote mbili kwa pamoja unaweza kumzimisha mgonjwa.

Dada Kliniki:
Usisahau kengele ya stetoskopu, ule upande mdogo wenye umbo la kikombe, wanafunzi wengi hawaigeuzi kabisa. Homa ya baridi yabisi bado inaharibu vali za vijana wetu, na mitrali ndiyo inayoumia zaidi. Ngurumo ya mitrali iliyobana ni nzito, ya chini: mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, weka kengele bila kukandamiza. Kuhusu presha, apumzike dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo, na kitambaa cha kufunga mkononi kisiwe kidogo kwake, kitakupa namba ya juu ya uongo.

Nesi_Mtarajiwa:
Mungu awabariki. Jana usiku nimemlaza mdogo wangu mkekani, nikahesabu mbavu mara tatu kabla sijaipata nafasi ya tano. Nikaweka kidole shingoni, na kweli, sauti moja ilikuja pamoja na pigo. Nimemsikiliza mpaka akasinzia. Kesho nikiingia wodini namtafuta yule mama, kama bado hajaruhusiwa nimwombe ruhusa nimsikilize tena.